Nilikuwa mchoyo maisha yangu yote. Je, nimechelewa?

Swali

Nina miaka 68, naishi Tanga. Kwa miaka 31, mpaka mwaka jana, nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mjini walikuwa wakiniita Mkono wa Birika, nami nilijua na sikujali. Mke wangu wa kwanza nilimwacha mwaka 1998 baada ya miaka 17 ya ndoa. Nilimpa nauli ya kwenda kwao Muheza na godoro. Kijana wetu alipofaulu kwenda kidato cha tano nilisema fedha hakuna, akasomeshwa na mjomba wake. Mwaka 2006 dada yangu alikuja dukani na mtoto mgonjwa, nikamwambia duka si benki. Akauza cherehani yake. Mwaka jana nilianguka kwa kiharusi pale pale dukani. Aliyenipakia kwenye bajaji na kukaa nami hospitali usiku tatu ni mama ntilie niliyewahi kumfukuza barazani kwangu kwa sababu ya moshi. Tangu siku ile nataka kuwa mtu mwingine. Kijana nimemtumia shilingi 300,000, kazirudisha kwa simu bila neno. Dada nimempelekea gunia la mchele, kauliza, "Unataka nini?" Mke wangu wa sasa ananuna. Mtaani wanasema kiharusi kimenigusa akili. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi nimeshakauka. Je, naweza kujifunza wema kwa umri huu, au najidanganya?

Jibu

Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa maradhi.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka 24, na barua za namna hii kwa kawaida hunijia kutoka upande wa pili: watoto, wake na dada wa watu kama wewe. Ni nadra mchoyo mwenyewe kushika kalamu. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, na unisamehe nikikukwaruza mahali. Kwa umri mimi ni binti yako, lakini umeniuliza kwa kazi yangu.

Nianze na huyo samaki. Wewe ni mtu wa Tanga, ng'onda unamjua. Mkavu, ana chumvi, ukimkunja anavunjika. Ila mloweke usiku kucha uone kama asubuhi hakunjiki. Na kila anayempika anajua kwamba maji ya kwanza hayapikiwi, humwagwa, maana yamebeba chumvi yote. Zile laki tatu na lile gunia vilikuwa maji ya kwanza, mzee wangu. Vimemwagwa, kama ilivyostahili. Hilo halisemi kwamba samaki hafai.

Wanaochunguza tabia za watu wanakubaliana na mpishi. Mwaka 2006 mtafiti wa Marekani, Brent Roberts, na wenzake walikusanya matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi, ili waone tabia hubadilika lini. Wengi walidhani mtu akishapita miaka thelathini amekwisha kuganda. Walichokuta ni kwamba upole, ile hali ya mtu kujali wenzake na kuelewana nao, ulibadilika waziwazi katika umri mkubwa kuliko ujanani, na ulibadilika kwa kuongezeka. Mabadiliko hayo ni ya polepole, na hayamfikii kila mtu. Lakini umri wako si ushahidi dhidi yako.

Utafiti mwingine, wa Nathan Hudson na wenzake wa mwaka 2019, unakuhusu zaidi. Wanafunzi wa chuo waliotaka kubadili tabia zao walipewa vizoezi vidogo vya kila wiki kwa wiki 15. Waliovifanya walibadilika. Waliovichagua kwa moyo mkunjufu kisha wasivifanye hawakupata kitu. Ni vijana wale, na ni Wamarekani, sitaki kukudanganya kwamba walipimwa wazee wa Ngamiani, hapo kwenu Tanga. Ila somo lake nimeliona ofisini kwangu mara nyingi mno: nia haijamlainisha mtu yeyote. Mkono hutangulia, moyo hufuata nyuma ukinung'unika.

Kabla sijaendelea, hili la kiharusi. Usilichukulie kama umbea mtupu wa mtaani. Kiharusi kinaweza kubadili tabia ya mtu kweli. Wengine hulia au kucheka pasipo sababu na hawawezi kujizuia. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, breki hulegea, na mtu anaweza kugawa fedha leo na kesho asikumbuke alimpa nani. Kwa barua yako sioni hivyo. Unakumbuka mwaka, unakumbuka godoro, unaona aibu, na aibu ni kazi ya akili inayofanya kazi. Maradhi yanayokula sehemu ile ya ubongo mara nyingi huelekea upande mwingine kabisa: humwondolea mtu huruma aliyokuwa nayo, hayampi asiyokuwa nayo. Lakini barua haipimi ubongo. Rudi kliniki, mweleze daktari hasa hili la kubadilika na la kugawa fedha, na umwombe aandike alichokiona. Karatasi hiyo itakulinda. Siku ukitoa kitu kikubwa, hatatokea mtu wa kusema mzee alikuwa hajitambui. Na dawa za presha usiziache hata siku moja kwa sababu unajisikia vizuri. Nimezika wazee wengi waliojisikia vizuri.

Sasa nije kwenye barua yenyewe, maana niliyoisoma ni ndefu kuliko iliyowekwa hapo juu. Ukurasa wa tatu umeniwekea orodha ya ulivyotoa tangu upone: kijana 300,000, dada gunia moja la kilo 100, msikiti mifuko 20 ya saruji, jirani aliyefiwa 50,000, na kadhalika, mpaka jumla chini ukaipigia mistari miwili. Nilicheka kidogo, nisamehe. Hilo ni daftari la dukani. Umeacha uchoyo wa kunyima ukaingia uchoyo wa kutoa: unahesabu kilichotoka na unangoja kilichopaswa kurudi. Kijana alipaswa kurudisha shukrani, karudisha fedha. Dada alipaswa kulia kwa furaha, kauliza unataka nini. Na swali la dada yako ni swali la haki kabisa. Kwa miaka arobaini hujawahi kumpa mtu kitu bila kutaka kitu. Kwa nini adhani umeanza leo?

Ninachokuomba ni kwamba daftari hilo usilitupe. Ligeuze. Anza kuandika kutoka nyuma, na huko nyuma usiandike ulichotoa. Andika unachodaiwa.

Hapo ndipo naona umekosea njia, na hukosei peke yako. Karibu kila mtu aliyekuwa na roho ya korosho akizinduka uzeeni hukimbilia kutoa. Kutoa kunapendeza, kunaonekana, msikitini wanakutangaza. Lakini wale uliowaumiza hawahitaji ukarimu wako. Ukimpa mtu zawadi ilhali una deni lake, unamtukana mara mbili: humlipi, na juu yake unataka akuite mkarimu. Wenye mali kutoka kwako ni watu wa aina mbili, wanaostahili kurudishiwa na wanaoweza kupewa, na wa kwanza ndio wanaotangulia.

Wewe ni Mwislamu, mambo haya shekhe wako atakueleza kunishinda, lakini hata mimi Mkristo nimekaa kwenye vikao vya mirathi vya kutosha kujua utaratibu. Mtu akifa, mali yake hutolewa gharama za maziko, halafu madeni, halafu wosia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Deni liko mbele ya wosia na mbele ya warithi. Kama linatangulia ukiwa kaburini, litashindwaje kutangulia ukiwa hai na unatembea na fimbo? Kwetu sisi yupo Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Hakusema nusu ya mali nawapa maskini akakaa chini. Akaongeza kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu atamrudishia mara nne. Watu hupenda kukumbuka mkuyu na ufupi wake. Hesabu ya mara nne huwa wanairuka.

Basi tuanze na Muheza.

Umeandika kwamba mama wa kijana wako ulimpa nauli na godoro, na ukaongeza kwamba "wakati ule ndivyo ilivyokuwa." Hapana, mzee wangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwepo, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia alichodai, kwa sababu nyingine, lakini tangu hapo wanawake wengi wamepata haki kwa mgongo wake. Wewe ulitoa talaka miaka 15 baada ya hukumu hiyo. Na nimefanya hesabu: duka lako lilifunguliwa yeye bado yuko nyumbani kwako. Miaka ile ya mwanzo, ulipokuwa ukishuka Dar es Salaam kufuata mabati na misumari, nani alikaa kaunta? Nani aliwapikia vibarua? Hukuandika, lakini nadhani jibu unalijua, na ndiyo maana godoro linakuuma mpaka leo.

Sikwambii umrudie. Wala sikwambii uende na mwanasheria, ingawa ukitaka kujua kiasi cha haki, mwanasheria si adui. Nakwambia kaa na daftari ukadirie kwa uaminifu alichostahili kutoka nacho mwaka ule, kisha ufikirie kwa thamani ya leo. Inaweza kuwa kiwanja, inaweza kuwa kodi za fremu moja ya duka kila mwezi kwa maisha yake. Si mrithi wako tena, kwa hiyo hata kwenye theluthi ya wosia anaweza kuingia, lakini nisingependa angoje ufe. Ipo hadithi ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Abu Huraira, imo katika Bukhari na Muslim, ambayo nimewahi kusomewa na mzee mmoja kama wewe na sijaisahau. Aliulizwa sadaka ipi ina malipo makubwa zaidi. Akajibu kwamba ni ile unayotoa ukiwa mzima, ukiwa na uchoyo, unaogopa ufukara na unatamani utajiri. Na usicheleweshe mpaka roho ifike kooni ndipo useme fulani apewe hiki na fulani kile, na mali imekwisha kuwa ya fulani.

Uliniuliza kama unajidanganya, kwa sababu kila ukitoa bado unasikia kitu kinakukaba. Soma tena maneno hayo: *ukiwa na uchoyo*. Hayakusema ungoje uchoyo uishe. Mkono unaotetemeka ukitoa hauitwi mnafiki.

Utakapokwenda kwa mama huyo, usiende peke yako na usimshtukize. Tanguliza mtu, ndugu yake au mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, aulize kama anaridhia kukuona. Akikataa, ndiyo amekataa, na haki yake inampata hata bila kukuona. Akikubali, nakusihi uache ile kauli yetu ya kila mfungo ukikaribia, "nisamehe nilipokukosea kwa kujua na kwa kutojua." Kauli hiyo inatosha kwa majirani. Kwake ni kujificha. Mwambie ulichofanya, kwa jina lake: nilikuacha baada ya miaka 17, nilikaa na mali tuliyochuma wote, nikakupa godoro. Kisha nyamaza. Usieleze ulivyolelewa, usieleze biashara ilivyokuwa ngumu, usilie mpaka akuone wewe ndiye wa kubembelezwa. Kwa mtu aliyepata kiharusi kulia si jambo la kujizuia kila mara, najua. Yakija machozi, mwambie ni maradhi na uendelee.

Kijana wako ni jambo jepesi kuliko unavyodhani, ila umegonga mlango usio wake. Ada ya kidato cha tano na cha sita hakulipa yeye. Alilipa shemeji yako. Deni hilo ni la mjomba, na adabu yake ni kwenda kwa mjomba ukalipe, ukamshukuru mbele za watu wa nyumba yake kwamba alikulelea mwanao uliposhindwa kwa kutotaka. Kijana atasikia. Kwao Muheza habari hazihitaji simu. Fedha yako ameirudisha kwa sababu ilikuja kama ya mtu anayenunua, na yeye si bidhaa. Akisikia umepiga hodi kwa mjomba wake, sijui atafanya nini. Huenda asifanye chochote kwa miaka miwili. Wewe utakuwa umeshalipa.

Na dada. Mzee wangu, mchele? Kauza cherehani! Ungepeleka cherehani angalau ungeonyesha kwamba unakumbuka alichopoteza. Lakini hata hiyo usiipeleke leo. Pengine macho hayaoni tena uzi, pengine cherehani mpya baada ya miaka yote hii itakuwa kejeli mlangoni kwake. Nenda ukae. Muulize yule mtoto anaendeleaje, maana naye sasa ni mtu mzima na katika barua yako hukusema kama alipona. Nenda wiki ijayo tena, na nyingine tena, mikono mitupu, mpaka aache kuuliza unataka nini. Hilo ndilo zoezi lako la wiki 15, na kwa mtu aliyezoea kumaliza kila jambo kwa pesa litakuwa gumu kuliko kutoa milioni.

Nyumbani umepita haraka. "Mke wangu wa sasa ananuna," mstari mmoja, ukahamia saruji ya msikiti. Nadhani nami ningenuna. Amekaa na Mkono wa Birika miaka yote, ameomba khanga mpya kwa kupiga magoti, leo anaona magunia yanatoka kwenda kwa wengine. Na anaogopa, kwa sababu aliyepata kiharusi kimoja anaweza kupata cha pili, na hajui atabaki na nini. Mwonyeshe daftari, pande zote mbili. Nyumba mnayoishi huwezi kuitoa wala kuiuza bila ridhaa yake, hilo ni la kisheria, lakini mbali na sheria, naye ana deni lake humo. Andika wosia sasa, ukiwa na karatasi ya daktari. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuandika na wanatunza, na shekhe wako atakuelekeza mipaka ya dini. Mambo haya yakiwa wazi, nadhani kununa kutapungua. Kusipopungua, muulize, kisha umsikilize mpaka amalize. Kwa wauza duka niliowahi kuwahudumia, kumsikiliza mtu anayelalamika bila kumkatiza kwa bei ni kazi ya mwaka mzima.

Kuhusu mtaa, waache. Walikuita jina kwa miaka 31, watalitumia miaka michache zaidi hata likiwa halikufai. Wala usijibidiishe kuwafutia. Ukiona unafanya jambo ili mtaa uone, lihamishie usiku.

Nimebakiza mtu mmoja. Katika kurasa zako nne umemtaja kwa jina kijana wako, dada yako, shemeji, mpaka daktari aliyekutundikia dripu. Majina hayo mimi nimeyaondoa hapa kwa sababu zinazoeleweka. Aliyekupakia kwenye bajaji sikulazimika kumwondoa jina, maana hukuliandika. Tangu mwanzo wa barua hadi mwisho ni "mama ntilie." Alilala sakafuni kando ya kitanda chako siku tatu, jiko lake likiwa limezimwa, wateja wake wakila kwingine, na katika ukurasa ule wa hesabu hayumo. Wala hukusema anapikia wapi siku hizi, baada ya kufukuzwa barazani.

Usimpelekee bahasha. Kamtafute alipo, ukae kwenye benchi lake, uagize chai na vitumbua kama mteja mwingine, ulipe, halafu umuulize anaitwa nani. Nenda alfajiri kabla vibarua hawajafika. Ikifika saa mbili hatakuwa na muda na wewe.